Ukarabati wa Land Rover za zamani

Ukarabati wa Land Rover za zamani ni kazi ya kurudisha katika hali nzuri ya kutembea magari ya Land Rover ya miaka ya 1950 hadi 1990, ambayo mengi bado yanatumika katika Afrika ya Mashariki. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa zaidi na mafundi wa gereji ndogo kuliko na mawakala wa kampuni. Makala hii inaangalia hasa mazingira ya Nyanda za Juu Kusini, kwa mfano wa Kihesa katika Manispaa ya Iringa, kwa sababu mwinuko, baridi na miteremko ya huko hubadilisha namna ya kupima na kutengeneza gari.

Ukarabati wa aina hii si sawa na ule wa magari ya maonyesho, ambapo rangi na viti hupewa uzito sawa na injini. Lengo ni gari linalowaka asubuhi, linalopanda mlima likiwa na mzigo, na linalosimama dereva anapokanyaga breki. Fedha nyingi kwa kawaida huishia kwenye la kwanza, na la tatu husubiri.

Asili ya magari haya

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Ilibuniwa na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza. Wakati huo chuma cha bati kiligawiwa kwa kipimo kutokana na uhaba wa baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Chasisi ilibaki ya chuma. Uamuzi huo wa dharura ndio unaoeleza kwa nini Land Rover yenye umri wa miaka 50 huweza kuwa na bodi nzima juu ya chasisi iliyooza.

Toleo la Series II lilianza mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Matoleo hayo yote yana springi za majani, na matairi ya mbele huendeshwa na injini pale tu dereva anapotaka. Namba 88 na 109 ni umbali kwa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani takriban mita 2.24 na 2.77. Mwaka 1983 ilikuja 110 yenye springi za mviringo, ambayo kwa kawaida huendesha magurudumu yote manne muda wote. Jina Defender lilianza kutumika mwaka 1990, na utengenezaji wa gari hilo huko Solihull ulikoma tarehe 29 Januari 2016.

Katika Tanzania magari haya yalitumika serikalini, hospitalini, kwenye misheni, katika hifadhi za wanyama na mashambani. Baadaye Toyota Land Cruiser ilichukua sehemu kubwa ya kazi hizo, hasa zile za mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984, ambazo Watanzania wengi huziita "mkonga" kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo. Land Rover hazikutoweka. Mwezi Oktoba 2024 mamia yake yalikusanyika Arusha kwa tamasha maalumu.

Kihesa na mazingira yake

Kihesa ni kata ya Manispaa ya Iringa iliyoko upande wa kaskazini wa mji, kwenye barabara kuu iendayo Nduli na Dodoma. Iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo gari linaweza kutumwa katika njia za tabia tofauti kabisa: barabara ya lami ya Dodoma inayoshuka mlima Nyang'oro kuelekea Mtera, vumbi na joto la njia ya Hifadhi ya Ruaha, utelezi wa wilaya ya Kilolo wakati wa masika, au barabara kuu ya Dar es Salaam yenye mteremko wa Kitonga kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni. Gari linaloonekana zima likizunguka mjini linaweza kushindwa katika njia yoyote kati ya hizo, na kila njia huonyesha ugonjwa wake.

Kupima kabla ya kufungua

Kosa linalogharimu zaidi katika kazi hii ni kushusha injini mapema. Gari lisilo na nguvu, linalotoa moshi na kula mafuta mengi husemekana mara moja kuwa "limechoka injini", na mwenye gari hupewa orodha ya pistoni, ringi na metali. Mara nyingi chanzo ni kidogo zaidi, na kinaweza kupatikana kwa siku moja bila kufungua hedi.

Kipimo cha msingi ni cha mgandamizo wa silinda. Injini hupashwa moto, plagi zote hutolewa, kanyagio la mafuta hukanyagwa hadi mwisho, kisha stata huzungushwa huku geji ikiwa imefungwa kwenye silinda moja baada ya nyingine. Hapa mwinuko una maana kubwa. Katika mita 1,600 kanieneo (shinikizo) ya hewa iko chini kwa takriban asilimia 17 kuliko pwani, na geji nayo husoma chini kwa kiasi kinachokaribia hicho. Fundi wa Iringa anayelinganisha namba zake na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari anaweza kuihukumu injini nzima. Kwa hiyo silinda hulinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Zikikaribiana zote nne, injini kwa kawaida haina sababu ya kushushwa hata kama namba ni ndogo kuliko za kitabu.

Silinda moja ikiwa chini, kijiko cha oili humiminwa ndani yake kupitia tundu la plagi na kipimo hurudiwa. Namba ikipanda wazi, ringi au ukuta wa silinda umekwisha. Isipopanda, tatizo huwa ni valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi hushukiwa kwanza. Kwenye injini ya dizeli plagi za kupashia joto au nozeli hutolewa badala ya plagi za moto, na geji lazima iwe ya dizeli, kwa kuwa ile ya petroli hupasuka.

Baada ya hapo hufuata marekebisho ya kawaida. Injini ya silinda nne ya lita 2.25, iliyo ya kawaida zaidi katika Series II na III, hutaka nafasi ya tapeti ya milimita 0.25 kwa valvu zote, iwe ya petroli au ya dizeli. Ile ya petroli huwasha kwa mfuatano wa 1-3-4-2. Tapeti zinastahili kuangaliwa mara nyingi zaidi kuliko zamani: petroli yenye risasi, ambayo ilisaidia kulinda viti vya valvu, iliacha kuuzwa katika Afrika kusini kwa Sahara mwanzoni mwa 2006.

Petroli

Kabureta ya Zenith iliyofungwa kwenye magari mengi ya Series ina udhaifu unaojulikana duniani kote: uso ambapo vipande vyake viwili hukutana hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na mafuta hupenya isipotakiwa. Injini hutoa moshi mweusi, hunusa petroli na kukosa mlio mtulivu ikiwa haijakanyagwa. Dawa ni kusawazisha uso huo kwa msasa laini juu ya kioo kinene na kuweka sili mpya. Hewa nyepesi ya nyanda za juu huongeza tatizo, kwa sababu kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Gari lililonunuliwa Dar es Salaam au Tanga linapaswa kurekebishwa upya likifika Iringa.

Dizeli

Kwa injini ya dizeli tatizo la Kihesa ni asubuhi za Juni na Julai. Katika injini nyingi za zamani za lita 2.25 plagi za kupashia joto zimeunganishwa kwa mfuatano, umeme ukipita kutoka moja kwenda nyingine, hivyo moja ikikatika zote nne huwa zimezimika. Wenye magari huishia kuegesha penye mteremko au kusukumwa na majirani kila siku, wakati plagi moja tu ndiyo iliyokufa. Taa ya majaribio na waya huitambua kwa dakika chache.

Hewa inayoingia kwenye njia ya dizeli ni sababu nyingine ya gari kuwaka kwa shida na kuzima. Huingia kwenye sili ya chujio, kwenye pampu ndogo ya kuvutia na kwenye mabomba yaliyochanika, mahali ambapo pengine hapadondoki hata tone. Pampu kuu ya kuchoma mafuta hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Kwa hiyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huila polepole. Uchakachuaji huo ulienea kiasi kwamba EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010.

Rejeta na joto

Katika mwinuko wa Iringa maji huchemka kwenye takriban nyuzi 95 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzuri huongeza shinikizo na kurudisha kiwango hicho juu, lakini kifuniko kilicholegea hufanya gari lichemke mlimani ingawa rejeta ni safi. Ni kipuri cha bei ndogo ambacho hubadilishwa mwisho, baada ya rejeta kuchomelewa mara tatu.

Mafundi wengi huondoa themostati wakiamini kuwa inazuia maji. Kwenye nchi ya baridi hilo ni kosa. Injini ya Njombe au Mufindi isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa baridi saa nzima, oili yake huchafuka upesi, na silinda huisha mapema kuliko ambavyo joto lingeziumiza.

Chasisi

Uamuzi kama gari linafaa kukarabatiwa hutegemea chasisi. Chuma chake kimeundwa kama sanduku lenye uwazi ndani, na kutu huanzia huko ndani ambako tope limekaa. Hukaguliwa kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Sehemu za kuangalia kwanza ni boriti ya nyuma, mikono ya pembeni inayoshika bodi, mahali springi zinaposhikwa, na ukuta wa mbele wa kabini karibu na miguu ya dereva. Magari yaliyoishi nyanda za juu kwa kawaida huwa na chasisi nzuri kuliko yale ya pwani, ambako chumvi hufanya kazi usiku na mchana. Pale alumini inapogusana na chuma, alumini hugeuka unga mweupe; kufunika kwa rangi hakusaidii kama hakuna kitu cha kutenganisha metali hizo mbili.

Kabla ya kuchomelea, betri hutolewa na tangi la mafuta hushushwa kabisa na kupelekwa mbali. Katika 88, na katika 109 nyingi, tangi la petroli liko chini ya kiti, karibu sana na mikono ya chasisi inayochomelewa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke.

Breki

Breki ni sehemu ya kwanza kutengenezwa, hata kabla injini haijawaka, kwa sababu gari likishawaka litajaribiwa.

Series zote zina ngoma kwa magurudumu manne. Nyingi kati yake zina njia moja tu ya mafuta ya breki, hivyo bomba moja likipasuka kanyagio huzama hadi sakafuni na hakuna gurudumu linaloshika. Mabomba ya chuma yaliyo juu ya ekseli hubadilishwa yote kwa pamoja, bila kusubiri lipi litatoboka. Mipira ya masta silinda na ya silinda za magurudumu huharibika ikiguswa na mafuta yasiyo ya breki. Kujazia oili ya injini "ili kufika nyumbani" huivimbisha, na baada ya hapo mfumo wote lazima ufunguliwe.

Malalamiko ya kawaida kuhusu 109 ni kwamba breki haikubali kutolewa upepo: kanyagio hubaki laini hata baada ya chupa nzima ya mafuta. Katika breki za mbele za gari hili kila gurudumu lina silinda mbili, na hewa hujificha kati yake. Mafundi wenye uzoefu hukaza kwanza virekebishi mpaka viatu vigusane na ngoma kabisa, hutoa upepo, kisha hulegeza virekebishi hadi gurudumu lizunguke. 

Breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyoko nyuma ya gia boksi. Kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likipandishwa kwa jeki, difu huruhusu gari kutembea ingawa breki ya mkono imevutwa, na watu wamebanwa chini ya magari kwa kutolijua hilo. Mawe au vipande vya mbao huwekwa kwenye magurudumu mengine kila mara. Vilevile hafu shafti ya nyuma ikikatika, breki ya mkono hukatika nayo. Ikiwa haishiki kabisa, mara nyingi sili ya gia boksi inavuja na oili imelowesha viatu vyake. Kubadilisha viatu bila sili ni kazi ya mwezi mmoja.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yenye maji huchemka kwa joto dogo. Kwenye tambarare dereva hataona tofauti. Kwenye Kitonga, baada ya kona kadhaa za kukanyaga mfululizo, mafuta yaliyochemka hugeuka mvuke na kanyagio hulegea ghafla, kukiwa na lori mbele na bonde pembeni. Ndiyo sababu mafuta hubadilishwa yote wakati wa ukarabati, na gari hushushwa mteremko huo kwa gia ndogo iliyochaguliwa juu, kabla ya mteremko kuanza.

Usukani na ekseli ya mbele

Mpira wa chuma unaong'aa nyuma ya kila gurudumu la mbele hupata vidonda vya kutu, na vidonda hivyo huchana sili. Oili huvuja na tope huingia mahali pake. Gereji nyingi hujaza grisi badala ya oili, jambo linalopunguza uvujaji ingawa beringi ya juu hailainishwi vizuri hivyo.

Usukani mzito usiorudi wenyewe baada ya kona mara nyingi husababishwa na kiungo cha kati kilichozama ndani ya boriti ya mbele ya chasisi. Hukauka oili na kushikana. Ndani yake kuna springi yenye nguvu iliyobanwa, inayoweza kuruka kama risasi kiungo kinapofunguliwa mezani. Hufungwa kwa kamba au vibano na kufunikwa kwa gunia kwanza.

Gia na difu

Katika Series kitasa cha njano hubonyezwa chini ili kuunganisha magurudumu ya mbele kwa gia za kawaida, na rungu jekundu huvutwa nyuma kupata gia nzito. Hafu shafti za nyuma za ekseli ya zamani hukatika kwa urahisi, hasa dereva anapoachia klachi ghafla kwenye tope. Ekseli ya nyuma ya Salisbury iliyofungwa kwenye 109 nyingi za Series III ni imara zaidi. Magurudumu manne hayatumiki kwenye lami kavu, kwani katika Series hakuna difu ya katikati na mkazo huishia kwenye shafti na matairi.

Kubadilisha injini

Wamiliki wengi hufikiria kuweka injini nyingine ya dizeli, ama ya Land Rover ya baadaye kama 200Tdi au 300Tdi, ama ya Kijapani. Faida ya nguvu na mafuta ni ya kweli. Gharama iliyofichika iko kwenye rejeta, mabano, klachi, na hasa breki, ambazo zilipangwa kwa gari la mwendo mdogo. Injini za Tdi zina mkanda wa taimingi badala ya mnyororo uliomo kwenye lita 2.25, ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Injini iliyonunuliwa bila historia hufungwa mkanda mpya kabla ya kuwashwa. Kadi ya gari inayotolewa na TRA ina namba ya injini, hivyo mabadiliko huhitaji kuandikishwa.

Vipuri

Soko kubwa la spea ni Dar es Salaam, maeneo ya Gerezani na Kariakoo, na mzigo hufika Iringa kwa basi siku hiyohiyo au kesho yake. Bandia ni nyingi, na boksi lenye jina maarufu halithibitishi kitu. Beringi na sili nyingi zina namba za kimataifa zilizochongwa juu yake. Kwa namba hizo hupatikana kwenye maduka ya mashine yoyote, mara nyingi zikiwa bora na za bei nafuu kuliko zinazouzwa kama "za Land Rover". Kwa mipira ya breki, tofauti ya bei kati ya halisi na bandia ni ndogo mno kuhalalisha bandia.

Kujaribu barabarani

Gari lililokarabatiwa hujaribiwa kwanza bila mzigo kwa umbali mfupi, kwa mfano kutoka Kihesa hadi Nduli na kurudi, kisha ngoma zote nne huguswa kwa mkono. Iliyo moto kupita nyingine inashikilia. Iliyo baridi haifanyi kazi. Oili, maji na mafuta ya breki huangaliwa tena gari likiwa limepoa. Safari ya pili huwa na mlima na mzigo nusu. Boltinati za springi, za magurudumu na za propela shafti hukazwa upya baada ya kilomita mia chache, na hedi iliyofunguliwa hukazwa tena kwa mpangilio wake pamoja na kupimwa kwa tapeti. Kitonga huachwa hadi hatua hizo zimekamilika.